Kwa Mdogo Wangu wa Ng'ambo ya Mpaka, Kuhusu Kura Yangu

Karakana ya Fremu,
Nyuma ya Posta.
Jumanne, tarehe 7 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na binti yenu, lile jino la mbele limeshaota au bado anapiga mluzi kila akisema "shangazi"? Mgongo wako je, bado unakusumbua kwa kusimama wodini kutwa? Wewe ni muuguzi, unawaambia watu wapumzike, halafu mwenyewe hupumziki.

Huku tu wazima. Baba ana kikohozi chake kile kile, ambacho anadai si kikohozi, ni koo tu linajisafisha. Shemeji yako amegoma kuzungumza siasa mezani. Anasema yeye ni mwanachama wa chama cha usingizi na mgombea wao ni godoro.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Masikio ya Baba yamechoka, kwa hiyo ukipiga tunaweka sauti ya juu na majirani wote wanajua umekula nini. Dereva wa lori la mbao anavuka mpaka kesho. Nimemwambia akupe barua hii mkononi mwako, si kwa mtu mwingine.

Uchaguzi ni tarehe 19, Jumapili. Mabango yamejaa mpaka kwenye mlango wa choo cha soko. Wagombea ni wengi, lakini wanaozungumzwa ni wawili tu, Injinia na Balozi, na kila mtu anawapima kwa marais waliopita. Mimi nawapima kwa kazi yangu. Unajua picha ya rais hutundikwa kila ofisi ya serikali, na kila picha inahitaji fremu. Stoo yetu ina marais watatu wamesimama wakiutazama ukuta. Wiki iliyopita niliwatoa kuwafuta vumbi, nikajikuta nagombana nao.

Yule wa kwanza, Mzee wa Viwanda, alipiga marufuku bidhaa za nje. Karakana ya Baba ilikuwa na mafundi kumi na wanne. Kila shule, kila kituo cha polisi, fremu ilitoka kwetu, mbao zetu, vanishi yetu. Ila kioo kizuri hakikuwepo, maana nchi haikuwa na fedha za kigeni, na kiwanda cha hapa nchini kilitoa kioo chenye mapovu. Kuna picha rais alionekana ana jipu shavuni, na Baba karibu alale ndani kwa ajili ya povu moja. Na huyo huyo ndiye aliyekosana na majirani akafunga mpaka. Alitoa siku tatu tu watu warudi makwao.

Sina haja ya kukusimulia hayo, lakini nitayaandika, kwa sababu leo nataka nisikwepe kitu. Mama alikuwa huko ng'ambo, amekwenda kumuuguza mama mdogo. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mama naye aliugua huko huko, akazikwa huko huko, na Baba aliliona kaburi baada ya miaka minne. Leo wewe ndiye unayelipalilia.

Wa pili, Milango Wazi, alifungua mpaka. Kwa hilo tu nyumba hii ingemsamehe lolote. Alipatana na kila mtu, akakopa, akajenga barabara, vioo safi vikaingia kutoka nje hadi tukawa tunavichagua. Nyuma ya vioo zikaja fremu za plastiki. Na picha yake mwenyewe, Kasuku, ililetwa kwa kontena ikiwa tayari ndani ya plastiki! Hatukumtengenezea hata moja. Ile iliyopo stoo ilirudishwa na ofisi ya maji ikiwa imepasuka kona. Mafundi wakashuka kutoka kumi na wanne hadi saba.

Huyu anayeondoka, Msafiri, sijui nimseme vipi. Amesaini mikataba katika nchi ambazo hata kwenye ramani sizijui, na kila akirudi tunaambiwa neema imekaribia. Tumebaki watano. Msumeno yupo, yule mpasuaji mbao aliyekufundisha kupiga misumari, sasa ana miaka sitini na moja. Mama Vanishi naye yupo, na mume wake bado yuko kitandani.

Sasa Balozi. Ni mwanamke mwenye akili, sikufichi. Amekaa nchi za nje miaka ishirini, anajua kusuluhisha madeni, na anataka mpaka uwe mstari wa kwenye ramani tu, mtu avuke kwa kitambulisho chake, badala ya viza ya gharama kama sasa. Wewe na wifi mngeweza kuja kila mwezi. Lakini anataka pia kufuta ushuru wote wa bidhaa za nje kuanzia Januari. Redioni aliulizwa mafundi wadogo watafanya nini, akajibu kwamba watajifunza kazi nyingine. Msumeno akazima redio. "Kazi gani?" akasema. "Urubani?" Tulicheka wote, halafu kila mtu akarudi kwenye meza yake.

Injinia anasema kinyume chake. Ushuru utapanda, ofisi zote za serikali zitanunua samani na fremu za hapa. Kioo kitatoka wapi, hasemi. Fedha za kigeni zitatoka wapi, hasemi. Nimewahi kuishi ndani ya ahadi hizo, najua zilivyo.

Alikuja uwanja wa soko Ijumaa iliyopita, nikaenda na wafanyakazi wangu wote. Akainua fremu ya plastiki, akaivunja kwa mikono mbele ya watu. Nilipiga makofi, tena kwa nguvu. Halafu akasema majirani wanatumaliza, na siku yake ya kwanza ofisini mpaka atautia kufuli. Watu wakalipuka kwa shangwe. Mimi nilikuwa bado napiga makofi ya ile fremu, Kasuku. Nilielewa alichosema. Na baada ya kuelewa mikono yangu haikusimama.

Nimekuwa nikijiambia ni msisimko tu wa mkutano. Si kweli. Kuanzia Ijumaa nimepiga hesabu zangu za maisha kila upande, na kila mara narudi pale pale. Balozi akishinda, karakana haifiki Februari. Nitawaambia nini hao watu? Mama Vanishi nitamtazama vipi? Mimi mwenyewe nina miaka arobaini na saba, na kitu pekee ninachokijua ni kuunganisha kona nne zikakaa sawa.

Juzi Jumapili Baba aliniita chumbani kwake. Yeye anasema hata tukila mawe hatampa kura mtu anayefunga mpaka. Akaniuliza, "Na wewe mwanangu, utampa nani?" Nikamjibu Balozi. Akanishika mkono, huu wenye gundi kwenye kucha, akasema, "Nilijua. Wewe huwezi kumfungia mdogo wako nje." Nikamrekebishia mto, nikatoka.

Nilimdanganya. Nitampigia kura Injinia.

Kura ni siri, ningeweza kunyamaza na usingejua hata siku moja. Nimejaribu kunyamaza siku mbili, nimeshindwa. Nilikulea mimi ile miaka minne ya kufungwa mpaka, nilikuogesha, nilikupigania shuleni, na leo nakufanyia hivi huku najua kabisa ninachokifanya. Huenda akishinda asifunge. Huenda afunge mwezi mmoja wa kujionyesha, halafu wafanyabiashara wamlilie afungue. Najiambia hivyo. Lakini sikuombi uniamini, maana hata mimi mwenyewe sijiamini.

Ninachokuomba ni hiki. Njooni kabla ya tarehe 19, usisubiri matokeo. Omba ruhusa kazini, danganya ikibidi, mchukue wifi na mtoto mje. Baba ana miaka themanini na mbili na hajamwona mjukuu wake tangu akiwa mchanga. Miaka minne mingine hana. Ukija, usimwambie nilichokuandikia. Mimi nikaripie unavyotaka, tutoke nje mahali asipotusikia, nami nitakusikiliza mpaka umalize. Na kama hasira itakuzuia kuniona, nitakaa kwa jirani siku zote mtakazokuwa hapa. Chumba chenu nimeshakifagia.

Msalimie sana wifi. Mwambie nampenda, na kwamba akinichukia nitamwelewa. Mbusu mtoto kwenye pengo lake. Msalimie mama mdogo, na ukipita kaburini mpe Mama salamu za Baba. Za kwangu mimi, mwaka huu usizifikishe. Msumeno anakusalimu, anauliza kama bado unajigonga kidole. Shemeji yako anakusalimu pia, ingawa hajui barua hii ina nini.

Mungu awalinde njiani, mfike salama, mrudi salama, na njia hiyo aiache wazi kwa huruma yake, hata kama wengine hatukuipigia kura.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu ulipozaliwa, na nitakayekupenda Jumapili hiyo nikiwa nimesimama mbele ya sanduku la kura,

Dada Mkubwa