Tuta la Lengalenga

Ulyankulu, Tabora,
24 Novemba 2023.

Mpendwa kaka Prosperi,

Shikamoo. Hali yako huko Mtwara? Wifi na watoto hawajambo? Na kile kifua chako, kimetulia tangu urudi kutoka mazishini? Sisi tunapumua. Mvua imeshika, nduguyo Viktori anaendelea kupandikiza tumbaku, nami nakula kwa kulazimishwa.

Ningeweza kukupigia simu, lakini ningelia kabla ya kufika kwenye neno lenyewe, nawe ungekata. Barua haikatiki.

Unaikumbuka bustani ya mama nyuma ya jiko: nyanya chungu, vitunguu, na mchaichai pale yanapotiririkia maji ya kuogea. Mwezi wa tisa jirani yetu mama Imakulata alimletea mbegu za lengalenga, mchicha ule wa kwao Burundi. Mama akazipigia tuta lake peke yake. Kila jioni alikuwa akilizunguka na kibuyu cha maji.

Mwishoni mwa Oktoba vidukari vikaliingia. Mama akamwagia majivu, akanyunyizia maji ya pilipili, akasema tusubiri. Wewe unanijua, kaka, mimi hata maharage huyaepua hayajaiva. Alhamisi ile mama alipokwenda misa ya asubuhi, nilichukua dawa ya tumbaku iliyobaki kitaluni, nikainyunyizia tuta zima. Sikumwambia, maana dawa hiyo hakutaka hata ipitishwe karibu na mboga zake. Nilipanga kutafuta kisingizio cha kumzuia asichume. Viktori akaniita shambani, nikaenda, nikasahau.

Mama aliporudi alikuta vidukari vimekufa. Jirani waliompitia wanasema alifurahi sana, akisifia majivu yake. Akachuma, akapika, akala peke yake.

Tulimkuta anatapika, tukamkimbiza zahanati; mganga akauliza kama mgonjwa amekula sumu. Viktori akawaka, kwamba mama yetu si mtu wa kujiua. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, kitenge changu kinanuka dawa. Nikanyamaza. Labda ningesema, wangejua la kumpa. Jua halijazama, mama akawa ameondoka. Naogopa, kaka, na najichukia.

Sasa watu wanasema mbegu zile zilikuwa na mkono wa mtu. Mama Imakulata, aliyekuja na mama kwenye lori moja walipokimbia Burundi mwaka sabini na mbili, ametupiwa mawe juu ya bati mara mbili. Kisimani haendi tena. Nami nilikusikia kwenye simu ukimwambia Viktori kwamba mama huyo ahame kabla ya arobaini ya mama yetu, la sivyo mtamhamisha wenyewe. Mnamtafuta mchawi ng'ambo ya ua, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mchawi ni mimi.

Viktori nimemwambia mara mbili. Anasema ni majonzi, nikalale. Wewe ndiye mkubwa wetu, neno lako atalisikia. Mpigie siku hiyohiyo utakayoisoma barua hii, kabla hujanikasirikia. Hasira yako nitaipokea yote, hata ukisema nisionekane kwenye arobaini.

Tuta nimeling'oa nikachoma kila kitu. Jana nikaenda kwa mama Imakulata nimwambie ana kwa ana. Alifungua mlango nusu, akachungulia nyuma yangu kama nimekuja na watu. Kabla sijasema neno akanipa pole, akaingia ndani, akarudi na mbegu nyingine amezifunga kwenye karatasi. Akasema, "Mwanangu, tuta la mama yako lisikae bure." Nikazipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikarudi nyumbani. Sikumwambia, kaka. Nimenyamaza mara ya pili, na ndiyo maana nakuomba useme wewe.

Nisalimie wifi, Fikiri na mdogo wake. Salamu za mama safari hii hazimo. Imana ikurinde, Mungu akulinde, kama alivyozoea kutuaga.

Nduguyo akupendaye, hata kama wewe utaacha,

Konsolata