Mkebe Uliomletea Mama

Nyaramba, Nyamira

Ndugu yangu mpendwa Jethro,

U hali gani huko Doha, na joto lenu mnalivumiliaje? Sisi tunamshukuru Mungu tumeamka. Chai inachumwa, ndizi zipo, ila usingizi umenikimbia, na sababu ni Mama. Kwa simu siwezi kusema, maana husikiliza kila neno, ndiyo maana nimempa Mogire barua hii akuletee akirudi kazini kwenu.

Yale maumivu ya mifupa na kiu isiyokwisha tulidhani ni uzee. Kumbe kuna vitezi vinne vidogo shingoni, na vyake vinafanya kazi kupita kiasi, vinatoa kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu. Daktari wa Kisii alisema tiba yake hasa ni upasuaji, lakini moyo wa Mama hauwezi kuhimili. Akampa vidonge vya kutuliza hivyo vitezi, akamwagiza anywe maji mengi, atembeetembee, na damu ipimwe mara kwa mara. Alionya kwamba kalsiamu ikipanda sana, figo zitaharibika na moyo unaweza kusimama.

Mwanzoni alipata nafuu, hata akanigombeza kwa chumvi ya mboga! Halafu vipimo vikapanda tena. Jethro, niliogopa. Vidonge nampa mwenyewe, maji namwekea mwenyewe. Daktari aliniuliza kama kuna kingine anachomeza, nikaapa hakuna.

Ijumaa, nikipiga pasi koti lake la kanisani kabla Sabato haijaingia, nikasikia kitu mfukoni. Ni mkebe wa vidonge vya kalsiamu, kumbe ulimpa Mogire amletee Mama. Ulisikia mifupa inauma, ukatuma dawa ya mifupa, nani angekulaumu? Mama aliunyakua, akaniambia kwamba tangu uache kumpigia, akimeza kimoja anahisi umeingia nyumbani, na dawa ya mwanawe haiwezi kumdhuru. Nilimsihi, nikalia, wapi!

Sasa naungama. Nilimwambia umenipigia, ukasema aache. Papo hapo akanikabidhi mkebe. Kisha akauliza mbona hukuomba kuongea naye. Nikasema salio lilikuishia.

Damu itapimwa tena wiki ijayo. Mpigie, mdogo wangu. Mwambie yale niliyokwisha kukusemea, na uongo wangu uishie hapo. Kila simu ikilia anaacha anachofanya, anasimama mlangoni, ananitazama usoni.

Mogire atakueleza habari za shamba. Wote wanakusalimu, na Mungu akulinde.

Ni mimi dada yako,
Gesare