Mume wa Mama

Nyanungu,
Jumapili mchana.

Dada yangu Boke,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na kwa simu nisingeweza, unajua mdomo wangu unavyokufa nikisikilizwa. Lakini kwanza nikusalimu. Shikamoo dada. Shemeji na watoto hapo Sirari hawajambo? Homa ya mdogo imepoa? Sisi huku tunapumua, ila siwezi kuandika kwamba tu wazima.

Mama amelazwa. Mkono wa kushoto umevunjika. Ryoba ndiye aliyemvunja, kwa rungu lake la kuchungia, eti ugali umepoa. Majirani waliambiwa ng'ombe kampiga teke, na hata pikipiki ilipotufikisha hospitali mama alirudia hilohilo.

Kwenye chumba cha dharura mimi ndiye niliyetafsiri, maana Kiswahili cha mama unakijua, kinaishia sokoni. Daktari alitazama michubuko ya zamani mgongoni, akanituma nimuulize kama mumewe humpiga. Nikauliza kwa Kikurya. Mama akajibu bila kupepesa kwamba mumewe hajawahi kumgusa, ni kikongwe, jembe lenyewe linamshinda. Na ni kweli tupu, dada. Daktari ni mtu wa Mbeya, angeijuaje nyumba ntobhu? Angejuaje kwamba Bibi Waisiko, kwa kukosa mtoto wa kiume, alitoa ng'ombe akamwoa mama, sisi tukazaliwa kwa jina lake, na Ryoba ni mwanaume wa kuja na kuondoka tu? Nikamwambia daktari anasema hapana. Akaandika teke la ng'ombe.

Mama alipopelekwa kupigwa picha ya mfupa nilibaki kwenye benchi. Nesi Winfrida akaja kukaa karibu yangu, akauliza kama nimekula. Hakuuliza kingine. Labda angeuliza ningenyamaza. Nikamwambia yote, huku natazama viatu vyake: kwamba mume wa mama ni bibi, na anayepiga si mume.

Hakunituma tena kutafsiri. Alimleta mhudumu mmoja, mama wa Kikurya, wakafunga pazia, mimi nikatolewa nje. Nilimsikia mama akilia kilio ambacho nyumbani hajawahi kukilia. Baadaye nesi alisema walimuuliza mwenyewe anataka nini, naye akakubali polisi wa dawati la jinsia wapewe taarifa. Mama anaamini michubuko ya mgongoni ndiyo iliyosema. Sikumsahihisha.

Jana nilikuja nyumbani kumchukulia nguo. Ryoba naye akaja. Polisi walikuwa wamempigia simu aende kituoni, hakwenda. Alisimama uani akauliza nani kapeleka maneno hospitali, huyo atamkata ulimi. Nilikuwa nyuma ya mlango, dada. Sikutoka. Bibi ndiye aliyetoka na fimbo yake.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwoa kwa ng'ombe zangu. Usikanyage tena kwangu."

Ryoba alicheka, akasema atarudi kumfundisha kuoa huyo mume asiye na meno. Na Bibi hospitali hajafika hata mara moja, maneno angeyapelekaje? Alipoingia ndani hakuniuliza kitu, alinishika tu kichwa, akaniambia nichochee moto. Hilo ndilo ninalokuambia wewe peke yako: maneno ni yangu, na nimemwacha Bibi ayabebe.

Barua hii ikikufika, nenda hospitali ukamchukue mama, ukae naye huko kwako. Usimlete hapa hata akisema anamtaka Bibi. Wabusu watoto kwa ajili yangu, na shemeji umwambie namheshimu sana.

Nasikia buti uani. Mbwa hawabweki, wanamjua. Bibi anatafuta fimbo yake. Naisukuma karatasi hii chini ya godoro, halafu leo natoka mimi kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Robi