Jina Kwenye Sanduku la Barua

Shikamoo Dada Tabu, mvua ya Brussels inakusalimu.

Mwenye nyumba wangu hapa Koekelberg, mama wa Kihispania, huimba akikaanga viazi na mayai. Majirani humwita Lola, lakini sanduku lake la barua limeandikwa Dolores. Nikaingiwa na shaka: anaficha nini? Leo nimemuuliza. Kumbe Lola ni jina la kudekezwa tu. Dolores ndilo la ubatizo, maana yake maumivu, kwa heshima ya Bikira Maria aliyemlilia mwanawe. Sikusadiki. Nani humpa kichanga jina la maumivu?

Akaliona jina lako kwenye kadi hii. "Na Tabu maana yake nini?"

Nikamweleza kwamba ulizaliwa mwaka wa njaa. Akanikazia macho ya shaka kama yangu. Nikamwonyesha picha yako ukicheka, akaniongezea viazi.

Mungu akuzidishie kicheko, dada.

Mdogo wako, Zuhura