Kesho ya Fundi Wekesa

Uthiru, Jumatano

Kwako Mama,

Mulembe. Nakusalimu wewe na kila aliyeketi nawe hapo jikoni, maana najua barua hii inasomewa jikoni. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Na yule ng'ombe, ameshazaa au bado anawachezea? Sisi huku tunapumua, na siku hizi kupumua ni habari njema kabisa.

Mercy mwanangu, msomee kukhu, bibi yako, polepole. Usiruke mahali kwa sababu umeona aibu, na usiongeze maneno yako.

Mama, nimeshika kalamu kwa sababu simu imetuchanganya. Jumapili ulipopiga ukamuuliza Baba Mercy, "Mwanangu, unakuja nyumbani lini?" naye akakujibu, "Kesho," vigelegele ulivyopiga vilinifanya niisogeze simu mbali na sikio lake. Nikawa nakuita, Mama, Mama, ngoja kwanza, lakini wewe ulikuwa umeshakata uende kuwaambia watu. Jumatatu jioni Shemeji Barasa akanipigia kwa ukali: kuku wamechinjwa, majirani wamejaa uani, mgonjwa yuko wapi? Sasa amesema Jumamosi atakuja na pikapu kumchukua mwenyewe, kwa sababu ndugu yake ametamka kwa kinywa chake kwamba anataka kurudi, na mimi ndiye ninayemfungia huku.

Mama, simfungii mtu. "Kesho" ndilo neno pekee alilobaki nalo mwanao.

Sikukueleza mapema kwa sababu nami sikuwa nimeelewa, na hata leo sijui kama nimeelewa. Alipozinduka hospitalini baada ya kile kiharusi, muuguzi alimuuliza jina lake. Badala ya Wekesa akasema, "Kesho." Unaumwa wapi? "Kesho." Utakunywa uji? "Kesho." Mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nilidhani ni mzaha wake. Unamjua mwanao. Fundi na kesho ni mtu na ndugu yake, na huku Uthiru hakuna aliyeagiza kitanda kwake asiyelijua neno hilo. Lakini nilipomtazama machoni, kicheko kiliniishia. Alikuwa anashangaa kuliko mimi. Alikuwa akitafuta neno lingine, na kila akifungua mdomo linatoka lile lile.

Wiki iliyopita nilimtoa nje aote jua, akapita mzee Kamau, mwenye nyumba ya pale juu aliyeagiza kabati.

"Fundi, niaje! Pole sana, haki. Na ile kabati yangu?"

"Kesho," akasema Baba Mercy.

Mzee akapiga makofi. "Ala! Huyu si amepona kabisa! Hii ni sauti ile ile!" Akaenda zake akicheka, na nyuma yake Baba Mercy akaanza kulia. Nilimpangusa tu kamasi.

Najua maneno yanayosemwa huko. Hata huku yanasemwa, kwamba ni mteja aliyechoshwa na kesho zake ndiye aliyemlaani, alambe neno lake mpaka afe. Shemeji anasema kuna mzee hapo kwenu wa kuondoa laana. Mama, sitaki kubishana na mtu juu ya laana. Mimi mwenyewe nimeamka mara nyingi nikijiuliza, kati ya maneno yote ya duniani, kwa nini hilo? Nilimuuliza Miss Njeri. Huyo ni binti mmoja kijana pale kliniki, kazi yake ni kuwafundisha kusema watu wazima waliopotewa na maneno. Sikujua kuna kazi kama hiyo. Akaniambia, "Mum, hiyo ni word alikuwa anasema every day, hata bila kufikiria. Zile zingine zimefungiwa. Hiyo ndio imebaki tu pale chini." Nikaelewa hivyo, kama ukoko kwenye sufuria. Ugali umekwisha, ukoko umeng'ang'ania.

Halafu akaleta ubongo wa plastiki, akauweka mezani. Mama, ungeuona ungesema ni matumbo ya mbuzi yamekunjwa yakawekwa kwenye bakuli. Ukifunguliwa unaachana pande mbili, kama njugu. Upande wa kulia na wa kushoto. Akaniambia wa kushoto ndio unaotunza maneno, na ndio uliokosa damu kwa sababu mshipa umeziba. Nikasema, lakini mkono uliokufa ni wa kulia. Akasema ndiyo, kwa sababu nyuzi zinazotoka kichwani zikifika kisogoni zinavukana, za kushoto zinakwenda kulia na za kulia zinakwenda kushoto. Nikamuuliza nani aliyezipanga hivyo. Akacheka, akasema hajui, hata vitabu havijui vizuri.

Hapo ndipo nilipoelewa upumbavu wangu. Mercy, usicheke. Daktari wa kwanza alikuwa ameniambia, "Shida iko upande wa kushoto, mshipa umeziba." Mimi, niliyejua mshipa wa aina moja tu, nikadhani ni mshipa wa mkono. Nikasema, kumbe ugonjwa umejificha kushoto, huku kulia unajionyesha tu. Basi kila nikirudi kutoka Kileleshwa kufua nguo za watu, nachemsha maji, namkanda mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, ile mizima! Yeye anausukuma mkono wangu, anapiga kelele, "Kesho! Kesho!" Nami nakazana, namwambia, hapana, si kesho, ni leo. Maskini ya Mungu. Alikuwa ananiambia niko upande usio wake.

Kumbe mishipa iko mingi, Mama. Kuna wa damu. Kuna wa fahamu, ambao haupitishi damu bali unapitisha habari, mithili ya waya wa stima: ukigusa jiko la moto, habari inakimbia mpaka kichwani na amri inarudi mkononi, toa! Kuna na ile ya shingo inayotutoka tukigombana. Yote tunaiita mshipa, kama watoto wa boma moja walioitwa wote jina la babu, ukiita mmoja wanakuja watano. Mkono wa Baba Mercy wenyewe hauna ugonjwa. Mkono ni mzima, unangoja amri tu, na anayetoa amri amelala.

Nikauliza lile lililokuwa likinisumbua zaidi. Nikasema, na moyo wake je? Maana sisi tunasema moyo umekubali, moyo umekataa, weka moyoni. Njeri akasema, "Moyo ni pump tu, mum. Hayo yote yako huku juu." Nilitoka pale nimevurugika. Kama kupenda kuko huko juu kwenye matumbo ya mbuzi, na huko juu ndiko kulikoumia, basi nitajuaje kama yule ninayemlisha bado ni mume wangu? Usiseme nina kiburi cha mjini, Mama. Hilo swali linaniuma. Kuna siku namtazama namwona yeye kabisa. Kuna siku naona mgeni aliyevaa sura yake.

Njeri anasema yumo. Anasema anaelewa karibu yote ukimwambia kwa maneno machache na usimharakishe, kwa sababu mahali pa kuelewa maneno ni pengine na pa kuyatoa ni pengine. Na anasema ubongo unaweza kujichimbia vichochoro, kama watu wa huku wanavyojua kupita nyuma ya majumba barabara kubwa ikifungwa. Lakini vichochoro hivyo havichimbwi na mtu aliyelala. Lazima afundishwe, na lazima iwe sasa, miezi hii ya mwanzo. Ndiyo sababu naogopa Jumamosi. Akiingia kwenye ile pikapu, nani huko atakayemfundisha kusema? Atakaa kwenye kiti uani, watu watamsalimu, atawaambia kesho, watacheka au watalia, halafu watamzoea. Naogopa mtamzoea akiwa hivyo.

Shemeji aliniambia kwa simu, mgonjwa haulizwi uji. Ni kweli. Lakini huyu mlimuuliza, akajibu, na jibu hilo hilo ndilo mnalotaka kumchukulia. Hata hivyo sikutaka nimjibie mimi pia, maana ningekuwa nafanya kile kile. Nikasema nitafute anachotaka yeye. Na hapo ndipo nilipopotea zaidi.

Maana Jumapili ile ile, baada ya simu yako, akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kutuombea. Wakaanza ule wimbo wa kusindikiza watu, ule wa kwenda nyumbani. Mama, mwanao aliimba. Maneno yote! Ubeti mzima, bila kukwama, sauti yake ile ya besi. Mama mmoja akaangusha kikombe. Akifika kwenye "nyumbani" machozi yanamtoka. Wimbo ulipokwisha nikamshika uso nikamwambia, sema nyumbani. Akajitahidi mpaka jasho. "Kesho."

Siku ya pili nikamkimbilia Njeri nikiwa nimejaa furaha na hasira pamoja. Akaniambia tuni zinakaa upande wa kulia, ule mzima, na wimbo wa zamani unatoka wote pamoja, maneno yakiwa yamening'inia kwenye tuni. Nikasema, sasa akilia pale kwenye nyumbani, ni yeye anayetaka nyumbani au ni wimbo? Akasema, "Mum, hapo mimi pia sijui." Nilimpenda kwa kusema hivyo, lakini haikunisaidia.

Basi jana nilitoa begi lake, lile la kuja huko Krismasi, nikaliweka kitandani wazi. Kando nikaweka randa yake ya kazi. Nikamwambia kwa maneno machache kama nilivyofundishwa: Barasa anakuja. Nyumbani au hapa? Onyesha. Nikakaa kimya. Mama, unajua mimi kukaa kimya ni kazi kuliko kufua mablanketi.

Akaitazama randa, hakuigusa. Akachukua shati lake kwa mkono wa kushoto, akalitia begini. Moyo wangu, hiyo pampu, ukasimama. Akatia la pili. Nikasema haya, amechagua, na nitakuambia ukweli wote: kuna sehemu yangu iliyopumua. Nimechoka, Mama. Kumwinua, kumwogesha, kwenda kufua, kurudi, kumwinua. Nilifikiri, aende, nami nilale.

Kisha akavuta leso yangu iliyokuwa kwenye kamba. Ile ya manjano uliyonipa nilipoolewa. Akaikunja vibaya kwa mkono mmoja, akaisukuma ndani ya begi juu ya mashati yake, akakaa akinitazama. Nikaitoa. Akairudisha. Nikaitoa tena, nikamwambia, mimi siwezi kwenda, nina kazi, tutakula nini? Akairudisha, akasema "Kesho" kwa sauti ya chini sana, sikuwahi kumsikia akilisema hivyo.

Sasa hiyo ni nini? Twende wote? Asiende bila mimi? Au aliiona tu leso akaikunja kama mtu anavyokunja nguo? Nimeigeuza geuza tangu jana. Madam wangu wa Kileleshwa anasema ni mapenzi. Mke wa mzee Kamau anasema ni kuchanganyikiwa. Mimi nasema labda ni yote mawili. Lakini jambo moja nimelishika katika giza hili: hapendi kutenganishwa, si nami, wala si nawe, maana huo wimbo hakuuimba kwa machozi ya bure.

Kwa hiyo, Mama, nakuomba jambo. Jumamosi Barasa asije na pikapu tupu kumchukua. Aje nayo imekubeba wewe. Kuna kitanda hapa, cha mninga, alichokuwa akikitengeneza mwenyewe kabla ya kuanguka, na mwenzake wa pale karakana amekimalizia. Utalala hapo. Asubuhi mimi niende kazini, wewe umwimbie. Zile nyimbo ulizomwimbia akiwa mtoto, za Kibukusu, ambazo mimi sizijui kwa kuwa sikuwepo. Njeri anasema huenda maneno mengine yamening'inia huko. Huyo mzee wa laana, akitaka, mwambie atuombee akiwa huko huko. Sitamkataza mtu kuomba.

Ila ukifika, usimuulize lini. Swali lolote la lini, liache mlangoni. Muulize, wataka maji? Halafu umtazame macho, si mdomo.

Msalimie Shemeji Barasa, mwambie sikukasirika sana, ni kidogo tu. Msalimie mkewe, na mwalimu wa kwaya aliyemfundisha Baba Mercy besi, mwambie kazi yake haikupotea. Wape pole majirani kwa wale kuku. Najua walikula, lakini kuku hao waliliwa bila mwenye karamu. Mercy, baba yako ananiashiria picha yako ukutani kila asubuhi, kwa hiyo usiamini anayekuambia amekusahau. Soma kwa bidii.

Barua hii anaileta Mama Shiro wa kanisani, anapanda basi Ijumaa asubuhi, ikufikie jioni hiyo. Nimemsomea Baba Mercy yote, polepole, naye amesikiliza akishika ile leso. Nilipofika mwisho nikavunja amri yangu mwenyewe. Nikamuuliza, Mama aje lini?

Unajua alivyojibu. Mara hii, Mama, neno hilo lichukue kama lilivyo.

Mimi mke wa mwanao,
Naliaka