Mgeni aliyeuliza nani ni mgeni

Jumapili. Upepo unatoka ziwani tangu asubuhi, mabati yanapiga kelele na umeme hakuna. Sina hasira. Nina shaka, na shaka huwa naiacha ikae mpaka ipate sababu.

Leo imepata.

Wiki iliyopita mwanamume mmoja aliyevaa vizuri alinijia pale redioni ninapofanya kazi. Alisema ametoka Lubumbashi, hajawahi kufika Kalemie, na kampuni yake inataka kujenga nyumba za familia upande wetu wa mji. Aliomba nimwandikie maelezo ya kartie yetu, yaani mtaa wetu: nani anaishi hapa, watoto ni wengi kiasi gani, watu wanakula nini, wanasali wapi. Nilikubali. Nimeishi hapa tangu watoto wangu hawajaanza shule, na sasa wana watoto wao.

Ukurasa wa kwanza haukunisumbua. Kwenye avenue yetu kuna wavuvi waliotoka upande wa Fizi, Watabwa wa Moba, Waluba walioletwa na treni kutoka Kabalo, Waholoholo waliokuwa hapa kabla ya treni, na mfanyabiashara mmoja wa Kigoma ambaye kila mwaka anaaga kwamba anarudi kwao. Nyumba isiyo na mtoto ni ya kutafuta. Asubuhi kama hii kengele ya Wakatoliki inagongana na ngoma za kanisa lililo nyuma ya kinu cha unga. Wanawake wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye wavu mmoja, na kila mmoja anajua upande wake. Mchana mtoto anakula bukari, ugali wetu, katika nyumba ambamo njaa imemkuta, na mama yake haendi kumtafuta.

Sikuandika kwamba tunapendana. Tunagombania maji, mbuzi, na redio inayopigwa juu sana. Niliandika ninachokiona.

Ila kuna jambo moja ambalo mtu wa nje hulikosea, nami sikuliandika kwa sababu sisi wenyewe hatulioni tena. Hapa mtoto mara nyingi hubeba jina la jirani. Mama Ilunga, anayekaa mkabala na nyumba yangu, ni Muholoholo. Baba yake na babu yake walizikwa hapa hapa, kwenye kilima kimoja. Uchungu wa mtoto wa kwanza ulipomshika, mume wake alikuwa ziwani, na aliyempeleka hospitali kwa baiskeli ni Mzee Ilunga, Muluba, mfanyakazi wa reli. Mtoto akapewa jina lake. Mpaka leo mzee akimwona yule kijana humwita "majina", yaani wa jina langu, na kijana humpelekea samaki. Mama naye akawa Mama Ilunga, kama ilivyo kawaida.

(Jina nimelibadilisha. Aina ya jina sikuibadilisha: ni la Kiluba.)

Shaka yangu ilianza na maswali. Mtu anayetafuta mahali pa kujenga nyumba za familia huuliza maji yanatoka wapi, na shule iko umbali gani. Huyu hakuuliza maji. Aliuliza nani ana nyumba na nani anapanga. Aliuliza, mara mbili, nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Leo baada ya misa alikuja kwangu kuona nilipofika. Sehemu ya makanisa na chakula aliipitia haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Kisha akaelekeza kidevu ng'ambo ya njia.

"Yule Mama Ilunga, mkimbizi wa Nyunzu, si anaweza kurudi kwao sasa? Kule kumetulia."

Kiwanja cha Mama Ilunga kiko kwenye kona, karibu na barabara ya bandari. Lori lolote la matofali lingepaswa kupita hapo.

Jina lile sikuwa nimempa. Sikuwa nimempa jina la mtu yeyote.

Nilimmiminia chai nyingine ili nipate muda wa kufikiri. Kwanza niliwaza ni nani kati yetu aliyezungumza naye, na nakiri kwamba niliwapitisha majirani mmoja mmoja kichwani, chifu wa avenue akiwa wa kwanza. Halafu nikaona kosa lenyewe linawasafisha wote. Hakuna mtu wa hapa anayeweza kumwita Mama Ilunga Muluba, wala kusema alikimbia Nyunzu. Hata mlevi wetu hawezi. Aliyesema hivyo alisikia jina tu la Kiluba, mbali na hapa, akakumbuka Waluba waliokimbia vita vya Nyunzu, akajaza mengine mwenyewe. Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na majina yetu kabla hajanijia. Hakutaka maelezo ya kartie. Alitaka mtu wa hapa amthibitishie majina hayo.

Nilikuwa na sentensi moja mdomoni: "Unakosea, yule ni mwenyeji kuliko sisi wote." Ingemwokoa Mama Ilunga.

Sikuisema. Kwenye avenue yetu kuna familia zilizotoka Nyunzu kweli, zikapitia kambi ya wakimbizi ya Katanika, zikapanga vyumba hapa. Sitaandika ni zipi, hata hapa. Nikisema si huyu, nitakuwa nimekubali kwamba yupo mwingine.

Alipoondoka nilivuka njia. Mama Ilunga alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza neno kwa neno.

"Mimi Muluba?" Alicheka mpaka akauacha mchi. "Papa Radio, ata Kiluba ya kusalimia sijue! Mzee Ilunga alinipa jina tu, sasa huyu ananipa na kijiji! Na atanirudisha na treni gani? Ile tunangojaka?"

Kisha kicheko kikaisha. Akatazama kiwanja chake, wavu, sufuria.

"Marehemu bwana yangu njo aliniachia hii parseli. Watoto wote walizalikia humu." Akaokota mchi. "Ulimwambia mimi ni Muholoholo?"

"Hapana."

"Ulifanya muzuri. Ukisema si mimi, atauliza njo nani."

Kazi ya miaka mingi imenifundisha kufika kwenye wazo hilo kwa nusu saa na vikombe viwili vya chai. Yeye alifika akiwa anatwanga.

"Anarudi lini?"

"Kesho asubuhi. Anakuja kuchukua kazi yake."

"Umulete hapa kwangu. Mimi nitapika. Ita na bale majirani bengine bote, na chifu. Akiuliza nani ni mgeni, kila muntu aseme: njo mimi. Tuone atafukuza nani."

Ni mpango mzuri, na bado nina shaka. Najua watu wachache watakaosema "njo mimi", ndiye mimi, bila kuyumba. Kuna wengine ambao viwanja vyao viko mbali na barabara, na mtu wa namna hiyo huona kwamba swali halimhusu. Nyumba yangu mimi iko wapi? Ng'ambo ya njia, upande ambao hakuna lori litakalotaka kupita.

Maisha yangu yote ya kazi nimewaacha wengine waseme kwanza, mimi nashika kipaza sauti. Kesho, akiuliza, nitaanza mimi. Nilizaliwa Zongwe, mbali kusini mwa ziwa hili. Nilifika hapa kwa mtumbwi, na hakuna aliyeniuliza ningekaa mpaka lini.