Mpaka Haukuja

Lundbæk, karibu na Rødding,
Jumapili, 25 Septemba 1870.

Mpendwa Mjomba Laurids,

Pokea salamu za mpwa wako Jep, yule ambaye sura nzuri zote za ukoo ziliishia kwake zikakosekana kwa wengine. Hujambo? Mkazamjomba Dorthea hajambo? Na tumbo lako, ambalo tunasikia limenawiri huko Iowa kuliko mahindi yako, nalo halijambo? Mama anauliza kama mguu wenye risasi ya Waprusia, ile ya vita vya Dybbøl, bado unauma mvua ikikaribia. Sisi hatujambo, kwa maana kwamba hakuna aliyelala kitandani. Zaidi ya hapo sitaki kusema uongo siku ya Jumapili.

Mavuno yalikuwa ya wastani. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Shamba la kule juu nimelilima na kulipanda ngano ya baridi peke yangu, na mistari yangu imenyooka kuliko yako ya zamani. Si mimi niliyesema, ni Fedder mhunzi, na Fedder hajawahi kumsifu mtu tangu abatizwe.

Sasa nikueleze jambo lililonikalisha chini kuandika, mimi ambaye kalamu hunitoa jasho kuliko jembe.

Unakumbuka uliwahi kutuandikia kwamba asubuhi ile ya Dybbøl hukujua kama ni siku kubwa? Ulisema ulichokuwa ukiwaza ni soksi zako zilizolowa. Nilikucheka sana, maana mwalimu alitukaririsha tarehe ile kana kwamba mbingu zilipasuka. Leo sikucheki. Siku Wafaransa waliposhindwa kule Sedani, mimi nilikuwa nachonga mpini wa uma wa samadi. Jua lilikuwa zuri. Nilikuwa napiga mluzi, Mjomba.

Lakini nianze na Julai, vilipotangazwa vita vya Wafaransa na Waprusia, hawa Wajerumani wanaotutawala. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akanipeleka kwenye ofisi ya wilaya. Alitaka nitie sahihi ya kuchagua uraia wa Denmaki, kisha nihamie ng'ambo ya mpaka, ule mto Kongeå, kabla Waprusia hawajaniandikisha jeshini. Wengi wa rika langu walifanya hivyo. Thies wa kinu alifanya hivyo, na huyo hawezi hata kuhesabu magunia.

Mimi nikakataa. Nilisimama mbele ya karani na watu wote waliopanga foleni, nikasema, "Mimi nihame kwa nini? Wafaransa wakishamaliza kazi yao, mpaka wenyewe utahamia huku."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mzee mmoja alinipa tumbaku. Mama aliinamisha uso akaanza kufunga vifungo vya glavu zake. Nilidhani anaona fahari.

Usinilaumu peke yangu. Eneo zima lilikuwa limelewa matumaini. Kila jioni tulijazana kwa Fedder kusomewa gazeti, na kila aliyetoka pwani alikuwa ameziona meli za Wafaransa, nyingine zina mabomba sita ya moshi. Nilipaka lango letu rangi nyekundu na nyeupe, za bendera ya Denmaki. Askari akaja akaniamuru nilipake upya, nikalipaka kijani, lakini nikamwambia asubiri kidogo, atarudi kunisaidia kukwangua. Nilimtukana mamba, Mjomba, na mto ulikuwa pale pale mbele yangu, nusu saa kwa miguu.

Habari za Sedani zilitufikia Jumapili. Mfalme wao kakamatwa pamoja na jeshi zima. Fedder alisoma mstari ule mara mbili, akalikunja gazeti, akalitia motoni. Kisha akanigeukia. "Jep," akasema, "huo mpaka wako umefika wapi? Au umepotea njia?" Safari hii hakucheka mtu, hata yeye.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Ndiyo, nami huwaza, mwambie mkazamjomba asishangae. Mwalimu alitufundisha kwamba vita vinavyogeuza dunia ni vile vilivyoua watu wengi. Fedder anasema hapana, ni vile ambavyo mshindwa akiisha kupigwa hana tena jeshi la kutuma. Mimi naona wote wawili wamepitwa. Dybbøl iliua wengi, ikatunyang'anya nchi, ikakuachia huo mguu, lakini haikutumaliza. Tuliondoka pale na neno moja mdomoni: bado. Ile kura tuliyoahidiwa ya kurudi Denmaki, bado. Wafaransa hawajasema lao, bado. Miaka sita tumekula bado, tumelalia bado, tumewazaa watoto juu ya bado. Sasa ukipita kijijini utasikia watu wakizungumzia bei ya nguruwe tu. Vita vilipiganwa mbali, mahali ambapo nisingeweza kupaonyesha kwenye ramani, na wala si vyetu. Lakini ni sisi tulioishiwa.

Jumanne iliyofuata barua yangu ya kuitwa jeshini ikaja. Tarehe mosi Oktoba niwe kambini Flensborg, nivae sare ya Waprusia.

Nilikimbia mpaka ofisini nikitweta, nikaomba ile karatasi niliyoikataa Julai. Karani alikuwa yuleyule. Alinitambua. Alisema mtu ambaye jina lake limekwisha kuingia kwenye orodha ya jeshi hana tena cha kuchagua, kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama mpaka umefika. Ningependa kukuambia nilimjibu kitu kikali. Nilisema asante nikatoka. Mdomo wangu huu, Mjomba, ulikuwa wapi siku hiyo?

Basi ni mawili. Nivae sare ya watu waliokupiga risasi, au nivuke mto nikiwa mtoro, nisirudi tena, wala siku ya kumzika mama. Yeye hataki kuhama. Anasema akihama, shamba litauzwa kwa Mjerumani wa kusini, na baba amelala hapa. Nilimwambia basi nitakwenda Flensborg, miaka mitatu si milele, nitarudi. Alinitazama mpaka nikanyamaza.

Dada yako unamjua. Tangu mwaka wa sitini na nne, mwaka wa Dybbøl, hajatamka neno la Kijerumani hata moja. Dukani kwa yule Mjerumani huonyesha kwa kidole. Askari akimsalimu, huwa kiziwi. Jumatatu alikuwa kwenye kigoda cha kukamulia, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akasema, "Nifundishe kusema: mwanangu kaondoka, sijui alikokwenda."

Nikamtania, maana sikujua la kufanya. "Mama, Kijerumani changu nilikiokota mnadani Husum na marehemu baba. Ni cha kuuzia ng'ombe."

"Nifundishe hichohicho."

Siku ya kwanza ulimi ulimgomea kabisa. Siku ya tatu alikuwa akisema huku maziwa yakilia ndooni, akikosea, akirudia. Jana nilijifanya askari. Nikatoka nje, nikagonga mlango kwa ngumi, nikaingia kifua mbele, nikamuuliza kwa sauti nzito mwanawe yuko wapi. Alijibu bila kukwama, macho yake yakiwa usoni pangu, kama mtu ambaye hajawahi kuniona. Alisema turudie tena.

Nitavuka Alhamisi. Barua hii naibeba mwenyewe, nitaitia posta ng'ambo, kwa hiyo ukiisoma ujue kwamba nilifika. Tafadhali usiandike tena jina langu kwenye bahasha ya kuja Lundbæk. Mwandikie mama peke yake, na umwandikie mara kwa mara, hata kama huna habari.

Nisalimie mkazamjomba Dorthea, na binamu yangu Maren, na Anders mdogo, ambaye umwambie asiwe mjuaji. Mungu awalinde hapo mlipo, awaache mkae hapo hapo.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Jep.